Kiraka cha mwaka 1853 ndani ya mashine ya mjomba

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nina hadithi ya kiraka, na si cha programu.

Mjomba wangu huchomelea mageti na madirisha nje ya Kitengela, kwenye viwanja ambavyo stima haijafika. Mashine yake ni kuukuu, inaendeshwa na injini ya petroli, na ndiyo iliyosomesha watoto wake. Mwezi uliopita ilikataa kuwaka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshataja bei.

Tulifungua magneto. Kwa wale wasioijua, hii ni jenereta ndogo isiyohitaji betri. Sumaku huzunguka na injini na kutia umeme kwenye koili. Pointi mbili zinapoachana ghafla, koili hutoa maelfu ya volti na plagi hupiga cheche. Robert Bosch wa Stuttgart, Ujerumani, aliunda magneto yake ya kwanza mwaka 1887. Mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, alileta ile ya volti kubwa yenye plagi.

Pointi za mjomba zilikuwa zimeungua. Nilizisugua kwa msasa, nikaweka pengo la karibu nusu milimita, na injini ikawaka. Baada ya dakika kumi ikazima. Nilikuwa nimefuta dalili tu, chanzo kikabaki.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "ngoja giza liingie uangalie pointi zenyewe."

Jioni tukaizungusha injini. Cheche zilikuwa zinaruka kwenye pointi, plagi haipati kitu. Kondensa ilikuwa imekufa.

Tatizo hilo lina umri mkubwa kuliko magari. Katika miaka ya 1850, Heinrich Ruhmkorff alikuwa akitengeneza koili za cheche jijini Paris. Kila pointi zilipoachana, umeme uliruka pengo na nguvu ikapotelea hapo. Mwaka 1853 mwanafizikia Mfaransa, Hippolyte Fizeau, alishauri kondensa iungwe sambamba na pointi. Kondensa hupokea umeme huo kwa muda mfupi mno, pointi zinaachana bila kuungua, na koili inatoa cheche yenye nguvu.

Magneto zilirithi kiraka hicho. Charles Kettering wa Marekani alipobuni mfumo wa betri na koili, uliofungwa kwenye Cadillac za modeli ya 1910, naye alibaki na pointi na kondensa. Magari ya dunia nzima yaliendelea hivyo mpaka mifumo ya kielektroniki ilipoenea kuanzia miaka ya 1970.

Ndiyo maana hatukuhitaji spea ya mashine yenyewe. Duka la spea lilituuzia kondensa ya gari la zamani kwa shilingi 300. Tuliifunga nje ya magneto, kopo lake likigusa chuma cha injini na waya wake ukiungwa kwenye pointi. Injini iliwaka na kufanya kazi hadi jioni, na siku iliyofuata mjomba akamaliza geti alilokuwa ameshalipwa nusu.

Mimi ningemshauri anunue mashine mpya. Basi msomaji, ukikuta pointi zimeungua, usiishie kwenye msasa. Jaribu kondensa kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.