Jina na Tarakimu: Habari za Afya Kutoka Gulwe Hata Ghala la Mbali

Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa. Mara nyingi mafuriko ya mto Kinyasungwe yameikata reli katika sehemu hizo, na mizigo ikasimama mpaka tuta lijengwe tena. Habari za afya nazo zina njia yake, lakini hiyo hukatwa na majina.

Katika miaka ya 1990 serikali ilieneza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mhudumu wa zahanati aliandika wagonjwa kwa mkono, akajumlisha, na jumla ikapelekwa wilayani. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 ilikuwa imeenea nchini programu ya DHIS2, iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo hukusanya jumla hizo katika ghala moja lifikiwalo kwa intaneti. Basi mtakwimu mwenye programu ya R, waliyoibuni Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, aweza kuziita tarakimu hizo bila kugusa daftari, maadamu amepewa ruhusa.

Lakini programu haijui ugonjwa. Yajua tu alama iliyokubaliwa kusimama badala ya jina. Utafiti wa Bagamoyo uliotangazwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliona degedege kuwa maradhi mbali na malaria, wakawapeleka watoto kwa waganga wa kienyeji. Mtoto asiyefika zahanati hana mstari daftarini, na ghala halimjui kabisa.

Katika elimu ya vinasaba mambo ni yayo hayo. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, wakiwamo Wasandawe wa Tanzania ya kati. Makundi 14 ya asili waliyoyapata yalilingana kwa sehemu kubwa na lugha na desturi. Jina la jamii huambatana na tarakimu zake ghalani. Likikosewa, kompyuta itawaunganisha wasiohusiana na kuwatenga ndugu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalinda siri ya mtu. Maana ya neno lake haina mlinzi ila wajuzi wa lugha, na kazi yao yaanzia zahanatini, pale neno la mgonjwa linapoandikwa mara ya kwanza.