Matangazo ya Magari na Njia ya Mlola

Mtu aendaye Mlola kutoka Mombo, penye kituo cha reli ya Tanga, hupanda kona za Soni, huipita Lushoto, kisha huendelea kuambaa milima ya Usambara. Katika njia ya namna hiyo mkulima hulipima gari kwa breki zake, na kwa idadi ya matenga ya matunda na magunia ya maharage yatakayofika sokoni salama. Lakini matangazo ya magari, tangu zama za ukoloni, yalisema machache juu ya matenga na mengi juu ya mtu.

Tuchukue mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wenye viwanda waliona upesi kwamba hapo pana biashara. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Baadaye Datsun ikashinda 1970, 1971 na 1973. Ushindi ulitangazwa kwa picha za magari yaliyotapakaa matope, na matope hayo ndiyo yaliyokuwa hoja yenyewe, maana yalimwambia mnunuzi kwamba gari hili limekwisha kuzijua barabara za kwao. Yalimwambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba atakayeshika usukani wake atakuwa shujaa. Hivyo hata karani wa mjini, ambaye safari yake ilikuwa ya nyumbani na ofisini, aliuziwa ushujaa asiokuwa na mahali pa kuutumia.

Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, haikuhitaji maneno mengi. Vijijini ilitangazwa na wale walioshuka ndani yake, bwana shamba na mkuu wa wilaya, na watoto walioikimbilia walijifunza mapema kuwa mwenye amri huja na vumbi.

Wananchi nao walikuwa na majibu yao. Katika miaka ya 1960 neno "Wabenzi" lilienea Afrika Mashariki, na jina la gari la Kijerumani likawa jina la tabaka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Magari hayakutajwa katika masharti hayo, lakini dhihaka ya watu ilikwisha kuyatolea hukumu. Sidhani kama tangazo lolote limepata kujibiwa kwa neno fupi kuliko hilo.

Siku hizi anayeshawishiwa zaidi milimani ni kijana, na kinachouzwa ni pikipiki. Picha humwonyesha dereva peke yake, nguo safi, barabara imenyooka, hana mzigo. Ardhi ya Usambara ni haba na hugawanywa upya kila kizazi. Kwa hiyo kijana anapotaka kuuza kipande cha bonde alichorithi ili apate pikipiki, wazee huuliza chombo hicho kitawalisha watoto kwa miaka mingapi. Wana haki ya kuuliza. Lakini na kijana ana hoja, kwani mgonjwa wa usiku hasubiri basi la asubuhi. Naye akiisha kuinunua, huonekana alfajiri ya siku ya soko akishuka polepole kwenye utelezi, tenga la nyanya limefungwa nyuma yake, na mguu u tayari kukanyaga chini.