Gari la umeme kwenye baridi kali: tukumbushane kabla theluji haijaanguka

Huku kwetu kipupwe kikiingia tunajifunika shuka mbili na kulalamika. Lakini wengi wetu tuna jamaa Oslo, Stockholm au Toronto, ambako asubuhi ya Januari vipimo vinaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, na siku hizi vijana wetu walioko huko wanaendesha magari ya umeme. Norway ndiyo inayoongoza: mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme. Mpwa wangu anaendesha teksi huko, na maswali anayoniuliza kila mwaka ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kwa anayetegemea gari kutafuta riziki, betri kuisha katikati ya barabara usiku wa theluji si jambo la mzaha.

Baridi inaifanya nini betri?

Betri ya lithiamu ina majimaji ndani yake, na umeme hupatikana kwa chembechembe kusafiri ndani ya majimaji hayo. Yakipoa, mwendo wake huwa mzito, kama asali iliyowekwa frijini. Betri hutoa nguvu kidogo na hupokea chaji polepole.

Tatizo la pili ni hita. Injini ya petroli hupoteza joto jingi, na joto hilo ndilo linalowapasha abiria bila gharama. Mota ya umeme haina joto la kumwaga, kwa hiyo kila joto unalolitaka linatoka kwenye betri. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari kadhaa kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila hita, masafa yalipungua kwa asilimia 12. Hita ilipowashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Yaani gari la kilomita 400 linabaki na kama 235. Magari yenye pampu ya joto, ambayo hufanya kazi kama friji iliyogeuzwa, hupoteza kidogo zaidi, kwa hiyo anayenunua aulize kama gari linayo.

Kabla ya kuondoka

Lipashe gari joto likiwa bado kwenye chaja. Karibu magari yote ya umeme ya sasa yanakuruhusu kupanga saa ya kuondoka kwenye simu. Umeme wa kupasha unatoka ukutani, nawe unaondoka na betri nzima, kiti cha moto na kioo kisicho na barafu. Ukishaingia, washa joto la kiti na la usukani kwanza, kwa sababu hutumia umeme mdogo sana kuliko hita ya kupasha gari zima.

Ondoa theluji yote juu ya gari, hata ile ya paa, taa na kamera. Usimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka.

Kuchaji

Chaji mara tu ufikapo nyumbani, betri ikiwa bado ina joto la safari. Ukingoja asubuhi, sehemu ya muda utaishia kuipasha. Ukielekea kwenye chaja ya haraka, iandike kwenye ramani ya gari mapema, maana magari mengi huanza kuipasha betri njiani. Januari 2024 kule Chicago, madereva walipanga foleni ndefu kwenye vituo kwa sababu betri zilifika zimeganda na chaji ikawa haiingii. Usiache chaji ishuke chini ya asilimia 20, kwa sababu chaja unayoitegemea huenda imeharibika au ina foleni.

Barabarani

Ukiachia kanyagio, mota hurudisha umeme kwenye betri na gari hupungua mwendo. Betri ikiwa baridi, kazi hiyo hupungua, na gari linaweza kuteleza mbele kuliko ulivyozoea. Kwa hivyo acha nafasi kubwa mbele yako. Kwenye barafu, punguza nguvu ya breki hiyo kama gari lina mpangilio huo, kwani ikishika ghafla magurudumu yanaweza kuteleza.

Matairi ya baridi ni lazima uwe nayo. Norway inataka mikunjo isiyopungua milimita 3 majira hayo. Pima upepo mara kwa mara, maana hewa ikipoa presha hushuka, na gari la umeme ni zito.

Ukikwama

Kaa ndani ya gari. Betri iliyobaki na kilowati-saa 30, hita ikila kilowati 2, inaweza kukupa joto kwa takriban saa 15. Hakuna moshi wa kuua kama ule wa gari la petroli ambalo bomba lake limezibwa na theluji. Hata hivyo, blanketi, maji, tochi na chaja ya simu visikosekane kwenye buti.

Na sisi huku?

Masafa yanayopungua kwa baridi hurudi hali ya hewa ikipoa makali. Joto letu ndilo linalozeesha betri moja kwa moja. Mwenye gari la umeme Mombasa au Malindi asiliache juani siku nyingi likiwa na chaji ya asilimia 100. Alipaki kivulini, na kwa matumizi ya kila siku asilimia 80 inatosha kwa betri nyingi. Na ukinunua gari lililotumika Uingereza, iwe la umeme au la petroli, liinamie uangalie chini: chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma, na upepo wa bahari yetu utaimalizia kazi hiyo.

Mtumie makala haya jamaa yako aliyeko kwenye baridi. Kinga ni bora kuliko tiba, na Mola awalinde wasafiri wetu wote.