Chungu Hakina Hasira

Tumbe, kaskazini mwa Pemba, palikuwa na mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Waakiolojia waliochimba hapo hueleza vigae vya vyungu kwa umbo, kwa nakshi, na kwa kitu ambacho Kiingereza hukiita temper. Ukifungua kamusi ya haraka haraka utajibiwa: hasira. Mfasiri mvivu ataliandika hivyo hivyo, na msomaji wa Chake Chake ataambiwa kuwa chungu cha mababu zake kina hasira ya mchanga.

Mchanga wenyewe kweli umo. Mfinyanzi huutia makusudi. Udongo mtupu hunywea ukikauka, na ukipigwa moto hupasuka. Mchanga haunywei, tena huufungua udongo ili maji yapate pa kutokea. Wengine hutia kombe zilizopondwa, au vigae vikuukuu vilivyotwangwa.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchanganya kwa kiasi. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliamini kuwa mwili ni mchanganyiko wa damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kimoja kikizidi, afya na tabia huharibika. Elimu hiyo ilipitia kwa matabibu walioandika kwa Kiarabu, Ibn Sina akiwa mmoja wao, ikafika hadi pwani yetu: hari, baridi, yabisi na rutuba za waganga wa kitabu zimetoka huko. Ndiyo maana Mwingereza akikasirika husemwa “amepoteza” temper. Kilichopotea ni kile kiasi. Ajabu ni kwamba leo mwenye “temper” ni mtu mkali. Neno limegeuka likamla mwenyewe.

Kwa mhunzi, ambaye naye Kiingereza humpa neno hilo hilo, mambo ni kinyume kabisa. Kisu cha chuma cha pua kikichovywa majini kikiwa chekundu huwa kigumu, lakini chepesi kukatika. Hupashwa tena moto wa kadiri, nyuzi 200 hadi 300 hivi za selsiasi, mpaka uso wake upige manjano au buluu. Ugumu hupungua kidogo, ustahimilivu ukaongezeka. Hapo chuma kinatulizwa, hakikasirishwi.

Kwa hiyo sioni haja ya kutafuta neno moja. Kwa udongo natosheka na “kiungo”. Anayejua kuunga mchuzi hahitaji kufafanuliwa. Kwa chuma, “kutuliza”. Kwa binadamu tutenganishe: hasira ni hisia, hamaki ni ule mlipuko wa ghafla, na mtu akiamka vibaya tu, hiyo ni hali ya moyo.

BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, waliotupa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, wanaweza kulimaliza jambo hili. Ombi langu ni moja: kabla ya kuidhinisha istilahi yoyote, wakawasikilize kwanza wafinyanzi na wahunzi kazini kwao.