Macho ya Angani Juu ya Mpanda

Marehemu baba alikuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora, baada ya tawi la reli la Kaliua kufika hapa mwaka 1950. Tawi hilo lilijengwa kwa sababu ya mgodi wa Mukwamba, mali ya Uruwira Minerals, uliotoa risasi, shaba, fedha na dhahabu. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni iliondoka, marudio ya mawe yaliyosagwa yakabaki.

Miaka hiyo ndege za Waingereza zilikuwa zikipiga picha Afrika Mashariki ili ramani zichorwe. Mchora ramani alitaka mito, vilima na njia; uchafu wa mgodi haukumhusu. Nimefundisha jiografia hadi nikastaafu, na hilo ndilo nililowasisitizia wanafunzi: anayetazama toka juu huona alichokitafuta.

Mwaka 1972 Marekani ilirusha Landsat ya kwanza. Mwaka huohuo wakimbizi wa Burundi walianza kuingia Tanzania; wakapokewa kwenye makazi ya Katumba, na miombo ikafyekwa kupisha mashamba. Satelaiti ile ilipima hata mwanga tusiouona sisi: jani bichi huurudisha kwa wingi, maji huumeza. Kwa hiyo pori, shamba jipya na dimbwi vilitengana waziwazi pichani. Ila nukta moja ya picha ilibeba karibu mita 80 za ardhi. Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, imeshusha kipimo hicho hadi mita 10, na bado duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu, humezwa humo.

Ndege nyuki, ile isiyo na rubani, huona sentimita. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi yao ya kutafuta viota vya sokwe kwa chombo hicho katika Bonde la Issa, upande wa Mahale. Vilivyofunikwa na majani viliwapita. Karasha za kusagia mawe na mashimo ya wachimbaji, yakiwa wazi, hayajifichi hivyo.

Zebaki ndiyo hujificha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini wachimbaji bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki. Kamera itaonyesha maji yenye tope na majani yaliyokauka, basi. Zebaki yenyewe hujulikana maabara, mtu akishachota maji, tope na samaki.

Na zebaki ikiingia mtoni husafiri: Mto Katuma hupita Sitalike, huingia hifadhi ya taifa penye viboko, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Kwa hiyo swali la kwanza la ndege nyuki litoke kwa watu wa mtoni, na picha zibandikwe ofisi ya kijiji, wajue pa kuchota sampuli na nani wa kumwuliza.