Kuagana na Python ya Pili

Anayeanzisha jambo hupigiwa vigelegele, anayelikomesha hulaumiwa. Pengine ndiyo sababu historia za ufundi zimejaa habari za wavumbuzi, lakini husema machache juu ya watu waliolazimika kusimama mbele ya wenzao na kutamka, "Hiki tulichokuwa tukiwapa, sasa basi." Napenda kumsimulia msomaji kisa kimoja cha namna hiyo. Kinahusu lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo Python, lakini naamini kinamgusa kila mtu aliyewahi kuwatumikia wengine bila ujira.

Python ilianzwa na Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa mwaka 1989 huko Amsterdam, ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Ni programu huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuichungulia ndani na kuirekebisha pasipo kulipa. Toleo la pili lilitoka mwaka 2000, likapendwa mno. Wanasayansi waliitumia kwa mahesabu yao, na wafanyabiashara wakajenga juu yake.

Hata hivyo, nyumba hiyo ilikuwa na nyufa tangu msingi. Ukiiambia Python ya pili igawanye 7 kwa 2, ilijibu 3, na ile nusu iliyobaki ikaitupa kimyakimya. Kubwa zaidi ni kwamba haikutenganisha sawasawa maandishi ya binadamu na data ghafi ya mashine. Mtu aliweza kuandika programu ikamtumikia miaka mingi kwa majina kama John na Mary, kisha ikaanguka siku alipojiandikisha François, kwa sababu ya ile herufi yenye mkia. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi hatukuuhisi sana ugonjwa huo, maana herufi zetu zote zimo katika alfabeti ya Kiingereza. Lakini Kiswahili hichohicho kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokiandika washairi wa mwambao kwa karne kadhaa, kingeingia matatani mara moja.

Ndipo Desemba 2008 likatoka toleo la tatu. Waliolitunga waliamua kurekebisha msingi wenyewe, wakijua wazi kwamba programu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la pili zisingefanya kazi katika la tatu mpaka zibadilishwe. Hata amri ndogo ya kuonyesha neno kwenye kioo cha kompyuta sasa ilidai mabano.

Je, watu walihama? Wengi hawakuhama. Mwenye programu alisema, "Sihami mpaka vifaa ninavyovitegemea vihame." Mwenye vifaa naye akajibu, "Sihami mpaka watumiaji wangu wahame." Mwaka 2010 likatolewa toleo la 2.7, la mwisho katika ukoo wa pili, na mwisho wa kulitunza ukapangwa kuwa 2015. Mwaka 2014 ikaonekana wazi kwamba muda hautatosha, mwisho ukasogezwa hadi 2020.

Wengi walioshukuru kwa muda huo hawakujiuliza ni nani anayeulipia. Vifaa ambavyo Python inavitegemea hutunzwa, kwa sehemu kubwa, na watu wa kujitolea, ambao hukaa mbele ya kompyuta usiku baada ya kazi zinazowapa chakula. Watu hao sasa walitakiwa kuandika kila kitu kwa namna inayokubalika katika matoleo yote mawili, na kukijaribu mara mbili. Kulikuwa hata na kifaa cha kuwasaidia kazi hiyo, kikaitwa Six, kwa kuwa 2 mara 3 ni 6. Mzaha huo ulificha uchovu mwingi. Mazuri mapya ya toleo la tatu hawakuweza kuyatumia, kwa kumngoja aliyebaki nyuma.

Hatimaye wakasema basi, nao walisema kwa adabu. Watunzaji wa vifaa vya kisayansi kama NumPy, pandas na Matplotlib walitia ahadi ya pamoja kwamba wataliacha toleo la pili kabla ya mwaka 2020 kupita. IPython ilitangulia Aprili 2017. Django, inayojengea tovuti, ikafuata Desemba mwaka huohuo, lakini ikaendelea kulitunza toleo lake la 1.11 hadi Aprili 2020 kwa ajili ya wale wasiokuwa tayari. Isitoshe, programu ya kusakinisha vifaa ilifundishwa kutazama kwanza mtu ana Python ipi, kisha impe kile kinachomfaa, ili asije akaamka na kukuta kazi yake imevunjika.

Tarehe 1 Januari 2020 utunzaji ukakoma, na Aprili likatoka toleo la 2.7.18, la kuagana.

Wapo walionung'unika, na sithubutu kuwabeza. Maabara yenye programu iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka haihami kwa siku moja. Lakini tuangalie kilichoondolewa ni nini. Python ya pili haikunyang'anywa mtu. Ipo mpaka leo, na anayetaka kuitunza anaruhusiwa. Kampuni ya Red Hat iliendelea kuitunza kwa wateja wake kwa miaka kadhaa baadaye, na wateja hao walikuwa wakilipa. Kilichokoma ni jasho la bure.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye haki ya kisa hiki. Zawadi haigeuki kuwa deni kwa sababu aliyepewa ameizoea. Anayejitolea ana wajibu wa kutangaza mwisho mapema, kuonyesha njia ya kuhamia, na kuacha cha zamani mahali kinapoweza kuokotwa. Akishafanya hayo, anayo haki ya kwenda kupumzika, nasi tuliofaidika tunapaswa kumpa mkono wa shukrani.