Seva ya nyumbani na king'amuzi cha kebo: nani anabadilisha chaneli?

Seva ya kurekodi televisheni nyumbani ni kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa, kifaa cha kupokea picha na programu inayosoma ratiba ya vipindi kisha kurekodi vile alivyochagua mwenye nyumba. Nchini Marekani, ambako mamilioni ya familia zilipata televisheni kwa waya wa kebo, kompyuta hiyo ilikumbana na tatizo moja la kudumu. Chaneli haibadilishwi na kompyuta bali na king'amuzi, na king'amuzi ni mali ya kampuni ya kebo. Makala haya yanaeleza njia zilizotumika kukiongoza king'amuzi hicho, sababu za baadhi ya njia kufa, na yale yanayomhusu mfanyabiashara anayekutana na vifaa hivi katika shehena ya elektroniki zilizotumika.

Haki ya kurekodi nyumbani haikuwa na utata. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1984, katika kesi ya mashine za Betamax za Sony, kwamba mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye si kosa. Utata ulikuwa katika ufundi. Wakati wa mawimbi ya analogi, waya wa kebo uliingia moja kwa moja kwenye kadi ya kompyuta na kadi ikachagua chaneli yenyewe. Kampuni za kebo zilipohamia dijitali na kufunga chaneli zao kwa siri, ufunguo ulibaki ndani ya king'amuzi. King'amuzi hutoa chaneli moja kwa wakati mmoja, ile ambayo kimeelekezwa. Kama saa 2 usiku kipo chaneli 4 na kipindi kinachotakiwa kipo chaneli 206, seva itarekodi saa nzima ya chaneli 4 bila kugundua kosa.

Programu iliyotumiwa sana na mafundi wa nyumbani kwa kazi hii ni MythTV, iliyoanzishwa na Isaac Richards mwaka 2002 na ambayo hutolewa bure. Ndani yake kuna nafasi ya kuandika amri ya nje ya kubadilisha chaneli. Kila rekodi inapokaribia kuanza, programu huita amri hiyo na kuipa namba ya chaneli. Jinsi namba inavyofika kwenye king'amuzi ni juu ya mwenye mtambo.

Njia ya miale

Njia ya kwanza, na ndiyo iliyodumu kuliko zote, ni kuigiza rimoti. Taa ndogo ya LED, isiyozidi punje ya mahindi, hufungwa kwenye ncha ya waya na kubandikwa juu ya kidirisha cha mbele cha king'amuzi. Ncha ya pili huingia kwenye kompyuta, ambako programu kama LIRC hugeuza namba ya chaneli kuwa mipigo ya miale ya infraredi ambayo jicho halioni. Rimoti nyingi hupepesa miale hiyo kwa kilohezi 38, lakini zipo za 36, 40 na hata 56. Waya usiolingana na king'amuzi katika hilo hautafanya kazi, au utafanya kazi leo na kesho ukatae.

Gharama yake ni ndogo na haihitaji ruhusa ya mtu. Hata hivyo njia hii ina kasoro moja kubwa: mazungumzo ni ya upande mmoja. Kompyuta hutuma 2-0-6 na haipati jibu lolote. King'amuzi kikiwa kimechelewa kidogo na kukosa namba ya katikati, kitakwenda chaneli 26, na seva itaandika kwenye orodha yake kuwa kazi imekamilika. Ndiyo maana mafundi waliweka nafasi ya sehemu ya sekunde kati ya namba moja na nyingine, wakatanguliza kitufe cha kutokea kwenye menyu, na kumalizia na kitufe cha kuthibitisha ili king'amuzi kisisubiri namba ya nne.

Kitufe cha umeme kilisumbua zaidi. Katika rimoti nyingi kitufe kimoja huwasha na kuzima. Kompyuta isiyojua kama king'amuzi kimelala au kiko macho ikibonyeza kitufe hicho inaweza kuzima kilichokuwa kinafanya kazi. Watu wengi waliishia kukiacha king'amuzi kikiwaka usiku na mchana, na bili ya umeme ikabeba gharama hiyo. Nyumba yenye ving'amuzi viwili vya aina moja ilikuwa na shida yake pia, kwa kuwa vyote huitikia amri ileile. Dawa ilikuwa kufunika kila kidirisha kwa utepe mweusi pamoja na taa yake. Utepe huo pia huzuia mwanga wa jua na kuishikilia taa isidondoke mtu anapofagia, jambo ambalo linaweza kuharibu rekodi.

Njia za waya

Mafundi waliochoshwa na utepe walitafuta waya. Baadhi ya vipokezi vya setilaiti vya DirecTV vilikuwa na poti ya seri, na vya baadaye vya HD vilikubali amri kupitia mtandao wa nyumbani. Hapo king'amuzi hujibu, na seva hujua kama chaneli imebadilika kweli.

Kwa upande wa kebo, tumaini lilikuwa FireWire. Kanuni za tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ziliyataka makampuni ya kebo kuanzia tarehe 1 Aprili 2004 kumpa mteja anayeomba king'amuzi cha HD chenye poti ya FireWire inayofanya kazi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2005, ving'amuzi vyote vya HD walivyotoa vilipaswa kuwa nayo. Waya huo mmoja ulifanya kazi mbili: ulipeleka amri ya chaneli kwenda, na ulirudisha picha ya dijitali kama ilivyotoka kwa mtangazaji, bila kupungua ubora. Ving'amuzi vya Motorola DCT-6200 na ndugu zake vilipata programu maalumu za kuviamuru kwa njia hii.

Lakini poti kuwepo haikumaanisha picha kupita. Kila chaneli hubeba alama inayosema kama inaruhusiwa kunakiliwa. Chaneli za wazi zilipita, huku nyingi za kulipia zikifika kwenye kompyuta zikiwa zimefungwa. Amri ya kubadilisha chaneli ilikubaliwa, picha ikakataliwa. Hali hiyo ilifanya baadhi ya nyumba zitumie FireWire kwa kuamuru tu, na kuchukua picha kwa njia nyingine. Mwaka 2008 Hauppauge ilitoa HD-PVR, kisanduku cha kiasi cha dola 250 kilichochukua picha ya HD kutoka nyaya tatu za rangi za analogi nyuma ya king'amuzi na kuibana upya. Nyaya hizo hazikulindwa kama HDMI. Kifaa hicho kiliuzwa pamoja na waya wa kurushia miale, na hivyo teknolojia ya utepe mweusi ikarudi mlangoni.

Kadi iliyotaka kuondoa king'amuzi

Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 ilitaka wateja waweze kununua vifaa vyao madukani badala ya kukodi kwa kampuni. Matokeo yake yalikuwa CableCARD, kadi yenye ufunguo ambayo mteja aliipata kwa kampuni ya kebo na kuichomeka katika kifaa chake mwenyewe. Kwa kadi hiyo hakuna king'amuzi cha kuongoza. Kuanzia tarehe 1 Julai 2007, hata ving'amuzi vipya vya kampuni zenyewe vilitakiwa kutumia kadi hiyo.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kufikia mwaka 2015, ving'amuzi vya kampuni vyenye kadi vilikuwa zaidi ya milioni 50, ilhali kadi zilizokuwa katika vifaa vya kununua dukani zilikuwa kama 600,000 tu. Baadhi ya makampuni yalianza kutuma chaneli kwenye waya pale tu mteja anapoiomba, na mwenye kadi akalazimika kuongeza kisanduku kingine cha kuombea. King'amuzi kilichotolewa mlangoni kikaingia dirishani.

Mchumi hahitaji kwenda mbali kutafuta sababu. Uchunguzi wa maseneta Edward Markey na Richard Blumenthal mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 99 ya wateja walikodi ving'amuzi, na kwamba familia ililipa wastani wa dola 231 kwa mwaka. Kampuni yenye pato la namna hiyo haina haraka ya kurahisisha kazi ya seva ya mteja. Pendekezo la FCC la mwaka 2016 la kufungua soko hilo halikupitishwa, na Septemba 2020 tume iliyaondoa masharti ya CableCARD yaliyobaki. Wenye seva wengi walirudi kwenye miale, wengine wakahamia antena, na wengine wakaachana na kebo kabisa.

Kwa anayenunua mzigo

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayeletewa ving'amuzi vya kebo vya Marekani kwa bei ya kutupa ajue anachonunua. Haviwezi kupokea matangazo ya hapa. Mfumo wao wa kebo si DVB-T2 wa antena unaotumika Kenya na Tanzania, wala si DVB-S2 wa madishi. Ufunguo wao hutolewa na kampuni ya kebo ya kule, ambayo mara nyingi bado ndiyo mmiliki halali wa kifaa. Vingi vilitengenezwa kwa umeme wa volti 120. Kuchomeka kwenye volti 230 ni kuunguza. Kadi za kompyuta za kupokea antena au kebo ya Marekani nazo hazitashika chochote hapa.

Kinachovuka mpaka bila shida ni vile vitu vidogo. Waya wa kurushia miale wa USB huongoza king'amuzi chochote chenye rimoti ya infraredi, kiwe Mwanza au Chicago, mradi kilohezi zilingane na programu iwe imefundishwa rimoti husika. Kompyuta na diski zake ni kompyuta na diski popote.

Kwenye forodha, namba ya bidhaa ndiyo inayoamua ushuru, na hapa wakala mzembe anaweza kumgharimu mteja. King'amuzi kisicho na skrini kipo chini ya 8528.71, mashine ya kurekodi video ipo 8521 hata ikiwa na kipokezi ndani, na kompyuta ipo 8471. King'amuzi chenye diski ya kurekodi kinakaa katikati, na mabishano yake yamefika hadi Shirika la Biashara Duniani, WTO. Umoja wa Ulaya ulivihesabu ving'amuzi vya aina hiyo kuwa mashine za kurekodi na kuvitoza asilimia 13.9, wakati ving'amuzi vya kawaida vyenye mawasiliano ya intaneti viliingia bila ushuru. Marekani, Japani na Taiwan zilishtaki mwaka 2008, na jopo la WTO likatoa uamuzi mwezi Agosti 2010 kwamba Ulaya ilikiuka ahadi zake. Uamuzi huo ulihusu ahadi za Ulaya pekee. Kwa mzigo wa Mombasa au Dar es Salaam, andika kwenye ankara kazi halisi ya kila kifaa, tenganisha seva na ving'amuzi katika mistari tofauti, na omba uamuzi wa awali wa mamlaka ya mapato kabla kontena halijapakiwa.